Mwongozo kamili: kuchagua gruvuboksi na kuziunganisha zicheze pamoja

Wengi wakianza kutafuta gruvuboksi wanaanzia kwenye sauti, wanasikiliza demo mpaka usiku, wanaipenda ile yenye besi nzito, wananunua, alafu baada ya muda mashine inakaa kabatini inakula vumbi. Sauti mara nyingi haina kosa hapo. Sauti unaweza kuibadilisha, ukasampo nyingine (yaani ukarekodi kipande cha sauti mashine ikicheze), ukaipitisha kwenye filta au efekti mpaka ikakubali. Usichoweza kubadilisha ni namna mashine inavyotaka upange noti zako, na nafasi itakayoachia mashine ya pili siku ukiamua kuongeza. Kwa hiyo humu tutaongea sana kuhusu sikwensa na mgawanyo wa kazi, sauti itakuja nyuma.

Kwa asiyejua kabisa: gruvuboksi ni mashine moja yenye vyanzo vya sauti (dramu, sinthi yaani sauti inayotengenezwa na mashine yenyewe, au sampo yaani kipande cha sauti kilichorekodiwa), sikwensa ya kupanga biti, na efekti, vyote ndani ya boksi moja, unatengeneza muziki bila kugusa kompyuta. Jina lenyewe lilishika baada ya Roland kutoa MC-303 mwaka 1996, ingawa wazo ni la zamani zaidi, Akai MPC60 ya mwaka 1988 tayari ilikuwa na pedi 16 za kugonga kwa vidole, sampo na sikwensa pamoja.

Hatua ya 1: Jua unataka kufanya nini nayo

Kabla ya jina la kampuni yoyote jiulize utaitumia wapi. Ukiwa umekaa kitandani na hedfoni, unatafuta mawazo tu ambayo baadae utayamalizia kwenye kompyuta? Basi betri na ukubwa vinakuhusu kuliko matundu ya nyuma. Unataka kupiga live mbele ya watu? Hapo unahitaji kubadilisha pateni (kipande cha biti kinachojirudia) bila muziki kukatika, kunyamazisha traki (mstari wa sauti moja, mfano dramu au besi) kwa kidole kimoja, na nobu ambazo unazifikia gizani. Unataka kumaliza wimbo mzima ndani ya mashine? Tafuta yenye song mode ya kweli, yaani sehemu ya kupanga pateni zifuatane kutoka mwanzo hadi mwisho.

Andika jibu lako, sentensi moja tu inatosha, manake ukishaingia kuangalia mashine kila moja itakushawishi kwamba ndo hiyo.

Hatua ya 2: Familia tatu

Kuna zinazocheza sampo tu. Hapa utakuta Elektron Digitakt (2017, traki 8 za sauti na 8 za MIDI, yaani za kuamrisha mashine nyingine), Elektron Model:Samples (traki 6), Novation Circuit Rhythm (traki 8), na Roland SP-404MKII ambayo zaidi ni ya kusampo na efekti ila sikwensa inayo. Uzuri wake ni kwamba sauti yoyote duniani inaweza kuingia, mlango unaofungwa, sauti ya mtu, sahani ya zamani. Ubaya wake ni kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja: kama mashine inacheza sampo moja kwa kila traki, kodi yenye noti nne inabidi uisampo ikiwa tayari imeshapigwa, au ule traki nne.

Alafu kuna zinazotengeneza sauti zenyewe, sinthi ndani ya boksi. Elektron Digitone ya kwanza (2018) ina traki 4 za sinthi ya FM (wimbi moja la sauti linatikisa jingine) na inatoa sauti 8 kwa pamoja, Model:Cycles nayo ni FM lakini imeegemea kwenye dramu. Korg Volca pia ziko humu, ndogo ndogo, kila moja na kazi yake moja, zilianza mwaka 2013 na Beats, Bass na Keys.

Na kuna zinazochanganya. Novation Circuit Tracks ina sinthi 2, dramu 4 na traki 2 za MIDI za kuendesha mashine nyingine. Roland MC-101 ina traki 4 na kila traki unaamua iwe dramu, sinthi au lupu (kipande cha sauti kinachojirudia), kaka yake MC-707 ana 8. Akai MPC One na wenzake ni karibu kompyuta kamili, skrini ya kugusa na kila kitu ndani.

Ushauri wangu kwa mashine ya kwanza ni hiyo ya kuchanganya, isipokuwa kama moyo wako uko kwenye sampo moja kwa moja. Ukianza na mashine ya dramu pekee utaishia kutengeneza biti nzuri zisizo na wimbo na utajikuta unanunua ya pili kabla hujaijua ya kwanza.

Hatua ya 3: Chunguza sikwensa kuliko kitu kingine chochote

Hapa usikimbie. Sikwensa ndo sehemu utakayoishi nayo kila siku, na kila kampuni ina tabia yake.

Kuna ya stepu. Vitufe 16 mbele yako, kila kimoja ni robo ya pigo, unawasha pale unapotaka kiki, ile dramu nzito ya chini, ilie. Ni rahisi kuona biti kwa macho. Kuna ya kurekodi live, unapiga pedi na mashine inashika ulichopiga pamoja na ile hali ya kuchelewa na kuwahi kidogo ya mkono wako, MPC zimejengwa juu ya hiyo na ndo maana watu wa hip hop wanazipenda. Na kuna ya tracker, kama Polyend Tracker na Dirtywave M8, noti zinashuka kwenye safu kutoka juu kwenda chini kama karatasi ya hesabu, wengine wakiona wanakimbia, wengine wakishaizoea hawarudi tena kwingine. Mashine nyingi siku hizi zina mbili za mwanzo kwa pamoja ila moja huwa inakuja kwa urahisi na nyingine unaitafuta kwenye menyu, tazama video ya mtu anayeitumia bila kuongea utaona mkono wake unaenda wapi.

Urefu wa pateni ni jambo ambalo watu hawaliangalii kabisa. Piga hesabu: kwenye tempo 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, stepu 16 ni sekunde 2 tu. Mashine yenye stepu 16 kama Volca nyingi inakupa sekunde 2 za wazo alafu inajirudia. Stepu 64 za Digitakt ya kwanza ni sekunde 8, hapo unaweza kuweka melodi inayouliza na kujibu. Circuit Tracks inakupa stepu 32 kwa pateni lakini unaunganisha pateni 8 mfululizo kwenye traki moja, unafika 256. Muziki wa dansi unaojirudia stepu 16 zinaweza kukutosha vizuri tu, ila kama unapenda kodi zinazotembea taratibu utakwama mapema.

Angalia pia kama kila traki inaweza kuwa na urefu wake. Haihati (sahani ndogo za dramu) ikiwa na stepu 12 na kiki ikiwa na 16 zitakutana tena baada ya stepu 48, kwa hiyo biti inabadilika yenyewe bila wewe kufanya kazi ya ziada. Na mwisho kuna kile Elektron wanachoita parameter lock, yaani kwenye stepu moja tu unabadilisha filta, urefu wa sauti, hata sampo yenyewe, stepu inayofuata inarudi kawaida. Ukiwa na hiyo traki moja inafanya kazi ya traki tatu, kiki, sneya (dramu kali ya mlio mkavu) na kengele zote zinakaa traki moja ilimradi zisilie kwa wakati mmoja. Ndo maana mtu mwenye traki 6 za Model:Samples anaweza kutoa muziki mnene kuliko mwenye 16 asiye nayo. Usihesabu traki kwenye karatasi ukadhani umemaliza.

Hatua ya 4: Geuza mashine uangalie nyuma

Matundu ndo yatakayoamua mashine hii itaongea na nani.

MIDI ni lugha ya pamoja tangu mwaka 1983, chaneli 16 kwenye waya mmoja. Tundu la asili ni la pini 5. Circuit Tracks na Digitakt zina matatu, In, Out na Thru. Mashine ndogo zinatumia tundu la milimita 3.5 kama la hedfoni, na hapo kuna mtego: kuna aina mbili za kupanga nyaya ndani, Type A na Type B. Mwaka 2018 watu wanaosimamia MIDI walichagua Type A iwe ndo kiwango, lakini mashine na adapta za Type B bado zimejaa mtaani. Adapta isiyo yenyewe haiunguzi kitu, ila mashine zinanyamaziana na wewe unadhani imekufa. Soma kitabu cha mashine kabla ya kununua adapta.

Volca nyingi zina MIDI In tu. Maana yake zinasikiliza lakini haziamrishi, zinabaki na lile tundu la sync linalotoa mapigo ya umeme. Na USB: mashine mbili zenye tundu la USB la kwenda kwenye kompyuta hazitaongea zenyewe kwa zenyewe hata ukipata waya unaoingia pande zote mbili, moja lazima iwe host, yaani msimamizi wa mawasiliano, iwe ni kompyuta au kiboksi maalum.

Tazama pia kama ina tundu la kuingiza sauti. Digitakt, Digitone na SP-404MKII zinalo, Model:Samples haina. Tundu hilo linaweza kukuokoa usinunue miksa, tutalifikia.

Hatua ya 5: Kaa na moja kwanza

Hii fupi. Usinunue mbili kwa mkupuo. Kaa na ya kwanza mpaka uweze kutengeneza pateni, kuihifadhi, kuinakili, kuibadilisha na kurudi bila kufungua kitabu. Ukifika hapo utakuwa unajua kwa jina kile unachokosa, "nakosa kodi ndefu", "nakosa sampo za sauti ya mtu", "nakosa efekti ya mwisho". Hilo jina ndo orodha yako ya manunuzi.

Hatua ya 6: Chagua ya pili kwa pengo la ya kwanza

Mashine mbili zinazofanya kazi moja zitagombana. Mbili zenye dramu kali kila moja, utakuwa unazima nusu ya kila moja muda wote.

Digitakt na Digitone ndo ndoa inayojulikana zaidi, na ina sababu: moja inashika dramu na sampo, nyingine kodi na besi, vitufe vinafanana kwa hiyo kichwa hakichoki kuhama, na sauti ya moja inaingia kwenye tundu la nyingine inatoka pamoja. Circuit Tracks na SP-404MKII nayo naipenda sana, Circuit inatengeneza wimbo wenyewe, sauti yake yote inapita ndani ya SP ambayo inaweka efekti juu na kupiga sampo za sauti ya mtu kwa pedi, tena zote mbili zinaweza kutembea kwa betri. Ukitaka kidogo zaidi, Model:Samples na Volca Keys moja zinafika mbali: Volca Keys ni sinthi ya analogi ya sauti tatu, na hizo tatu zinatosha kodi.

Kuna mahali nasema usiunganishe. Kama una MPC One au MC-707 na unahisi unakosa kitu, asilimia kubwa hicho kitu kimo humo ndani na hujakifungua. Mashine hizo ni pana. Ya pili hapo iwe ile inayotoa kitu cha mkononi, nobu nyingi za kushika au sinthi ya analogi, isiwe boksi jingine lenye menyu.

Na tatu? Nne? Inawezekana, ila mikono ni miwili. Kila mashine unayoongeza inahitaji mtu wa kuiangalia wakati muziki unaenda.

Hatua ya 7: Waunganishe kwa MIDI

Chagua mashine mama. Mama ndo anatoa kloki, yaani mapigo 24 kwa kila pigo moja la muziki, na wengine wote wanafuata. Kloki haitumi namba ya tempo, inatuma mapigo tu na mfuasi anahesabu, ndo maana namba kwenye skrini ya mfuasi wakati mwingine inachezacheza 119.9, 120.1, usihangaike nayo kama masikio yanasikia sawa. Mama awe ile mashine ambayo mkono wako uko juu yake muda mwingi, na mara nyingi hiyo ndo yenye dramu.

Fuata hivi:

1. Zima zote. Chomeka waya kutoka MIDI Out ya mama kwenda MIDI In ya mfuasi.
2. Kwenye mama washa kutuma kloki, na kutuma start na stop. Mara nyingi ni mipangilio miwili tofauti.
3. Kwenye mfuasi washa kupokea vyote viwili, na uzime kutuma kloki.
4. Bonyeza play kwenye mama. Mfuasi akianza naye, umemaliza sehemu ya kwanza.
5. Sasa panga chaneli. Kama mama ataendesha sinthi ya mfuasi kwa noti, traki ya MIDI ya mama na sinthi ya mfuasi ziwe kwenye chaneli ile ile.

Namba 5 ndo inayosumbua watu. Kloki haina chaneli, inafika kwa kila mtu, lakini noti zina chaneli. Mfano Circuit Tracks ikitoka dukani sinthi zake ziko chaneli 1 na 2, traki za MIDI 3 na 4, dramu ziko 10. Ukiiunganisha na mashine nyingine ambayo pia imekaa chaneli 1 bila kubadilisha, kila noti ya mama italia pia kwa mfuasi na utasikia melodi ya ajabu ambayo hukuiandika. Gawa tangu mwanzo: mama 1 hadi 8, mfuasi 9 hadi 16, andika kwenye karatasi ubandike chini ya mashine.

Ukiwa na mashine tatu, ya pili inapitisha kwenda ya tatu kwa tundu la Thru, ambalo linarudufu kilichoingia In. Usichanganye na Out, kwenye mashine nyingi Out inatoa cha kwake mwenyewe. Zikizidi hapo nunua kiboksi cha thru, mama anaingia upande mmoja, wafuasi wote wanatoka upande wa pili.

Mwisho kabisa ni program change, ujumbe wa kubadilisha pateni. Mama akihamia pateni ya 5, mfuasi naye anahama. Tamu sana kwenye live, ila hakikisha pateni za pande zote zina urefu unaogawanyika vizuri, 16 na 64 zinaelewana, 64 na 24 zitakupa mkanganyiko kwa sababu kila mashine inasubiri mwisho wa pateni yake ndo ihame. Na mashine moja ikihesabu kutoka 0 na nyingine kutoka 1, utaona inakwenda pateni ya jirani, hapo sogeza pateni zako kwa moja ukaendelea.

Volca na wadogo wenzake wakitumia sync ya 3.5, kumbuka yenyewe ni mapigo 2 tu kwa kila pigo la muziki. Mfuasi akienda mbio au kwa kujivuta kabisa, ni hiyo namba haijapatana upande mmoja.

Hatua ya 8: Sauti itoke wapi

Njia rahisi ni mnyororo: sauti ya mfuasi inaingia kwenye tundu la mama, vyote vinatoka waya mmoja. Hakuna miksa, begi jepesi. Gharama yake ni kwamba huna nobu ya kila mashine ikiwa wazi mbele yako. Njia ya pili ni miksa ndogo yenye chaneli za stereo, kila mashine inachukua mbili, kushoto na kulia. Wengi wananunua miksa yenye "chaneli 6" wakikuta mashine tatu zimeshaijaza.

Kwenye viwango, weka sauti ya mashine karibu na juu alafu punguza kwenye miksa, ukifanya kinyume utavuta na kelele za chinichini. Kelele ya mvumo inayokuja pale unapochomeka USB kwenye kompyuta mara nyingi ni mzunguko wa ground: mashine imeunganishwa na kompyuta kwa njia mbili, waya wa sauti na waya wa USB. Jaribu kutoa USB. Ikinyamaza, umeijua. Dawa ni kuiendesha kwa adapta yake na kuongea kwa MIDI ya pini 5, ambayo kwa muundo wake imetenganisha umeme wa pande mbili, au kuweka kiboksi cha kutenganisha kwenye waya wa sauti.

Na besi iwe ya mashine moja tu. Kiki ya huku na besi ya kule zikikutana chini ya hetsi 100 zinakula nafasi moja, unasikia matope. Amua nani anakaa chini kabisa, mwingine mkate kwa filta.

Hatua ya 9: Umeme

Usibadilishane adapta kwa kuangalia tundu kama linaingia. Angalia volti, uwezo wa ampea, na ule mchoro mdogo unaoonyesha katikati ni chanya au hasi. Digitakt inataka volti 12, Volca 9, zote katikati chanya, wakati adapta nyingi za pedali za gita ni 9 katikati hasi. Bandika jina la mashine kwenye kila adapta leo hii.

Hatua ya 10: Ukinunua iliyotumika

Ijaribu ikiwa imewashwa. Zungusha kila nobu taratibu ukiangalia namba kwenye skrini, ikirukaruka kwenda mbele na nyuma imechoka. Gonga kila pedi kwa nguvu tofauti. Chomeka waya kila tundu uutikise kidogo, sauti isikatike. Nenda na waya wa MIDI na kitu cha kupokea, maana hilo ndo tundu ambalo muuzaji hajawahi kulijaribu.

Mashine za zamani zina mambo yake. Nyingi zina betri ndogo ndani inayoshikilia pateni, ikiisha unazima na kazi yako inaondoka. Roland MC-505 ya 1998 inahifadhi kwenye kadi za SmartMedia, Yamaha RM1x kwenye floppy, vitu ambavyo kuvipata ni kazi yenyewe. Zinalia vizuri sana hizo, lakini uingie ukijua.

Hatua ya 11: Pateni ya kwanza ya mashine mbili

Kwenye mama weka kiki na haihati tu, stepu 16. Kwenye mfuasi weka kodi moja ndefu ya stepu 64. Acha zizunguke. Ongeza besi upande mmoja, mahali ambapo kiki hailii. Sasa kopi pateni hiyo kwenye mashine zote mbili kwenda namba inayofuata, na hapo badilisha kitu kimoja tu kila upande, toa kiki huku, panda kodi kule. Fanya hivyo mpaka una pateni nne zenye namba sawa pande zote, alafu hifadhi kwenye mashine zote mbili kwa jina moja la projekti. Ukimaliza, kabla hujazima, zihamishie kwenye kompyuta au kadi, projekti pamoja na sampo zake, maana kwenye mashine nyingi ukihamisha projekti bila sampo utaifungua siku nyingine ukute stepu zipo na hazitoi sauti.